Kati ya Pua na Kidevu

Kulipokuwa na harusi mtaani, watu walikwenda kumtazama bibi harusi. Fundi Meno alikwenda kutazama meno yake. Siyo ya bibi harusi, yake yeye, aliyoyatengeneza kwa mikono yake na ambayo sasa yalikuwa vinywani mwa wazee wa meza ya mbele, yakitafuna nyama. Alikaa pembeni na sahani yake, akamtazama huyu anavyouma, yule anavyocheka, kisha akarudi nyumbani akiwa ameridhika. Mkewe akimuuliza bibi harusi alivaaje, hakuwa na jibu.

Fundi alikuwa na miaka thelathini na sita, na kumi na mitatu kati ya hiyo alikuwa ameitumia katika maabara ya kliniki ya meno, chumba chenye dirisha moja, meza mbili na vumbi la plasta lililomfanya kila jioni arudi nyumbani akiwa na mvi za uongo. Mafundi wengine walipanga meno ya bandia kama askari wa gwaride. Yeye alimwomba mteja picha yake ya ujanani. Alitafuta jino lililoegemea mwenzake, pengo jembamba la mbele, rangi ya chai kwenye shina, kisha akayarudisha yote kama yalivyokuwa. Mama mmoja alirudi kulalamika kwamba tangu avae meno yake mapya mumewe ameanza kumwonea wivu. Fundi alifungua daftari la kazi, akaandika mbele ya namba yake: "Yamekaa vizuri."

Kwa kifupi, alikuwa hodari. Tatizo ni kwamba hakuyapenda meno. Hakuyachukia pia. Aliyatengeneza kama mtu anavyotembea: vizuri, bila kufikiri, mawazo yakiwa kule anakokwenda.

Alikokuwa anakwenda ni chumba cha nyuma cha nyumba yake, ambako juu ya rafu tatu kulikuwa na vichwa kumi na tisa vya udongo. Mambo haya yalianza chuoni. Mwalimu wao aliwaagiza kila mmoja achonge jino moja kwa nta. Fundi alimaliza jino lake mapema, akaona nta imebaki, akaongeza ufizi. Ufizi ulidai mdomo, na mdomo ukadai shavu. Kengele ilipolia alikuwa amefika kwenye sikio. Mwalimu alilikata lile jino kwa kisu, akalipa alama tisini na mbili, na uso uliobaki akautupa kwenye pipa la nta ya kuyeyushwa. Fundi hakulia. Alinunua udongo.

Mkewe alikuwa mwalimu wa hesabu, na hata mumewe alimwita Mwalimu. Hakuvichukia vile vichwa. Kimoja alikitumia kukaushia kofia, kingine kuzuia mlango usijifunge upepo ukivuma.

"Umeshauza vingapi?" alimuuliza siku moja, akiwa hana nia mbaya, kama anavyowauliza wanafunzi tano mara nane.

"Kimoja."

"Ulimuuzia nani?"

"Dada yako."

"Dada yangu alidhani ni chungu, mume wangu. Alipokigeuza akaona pua, akanipigia simu."

"Alisema nini?"

"Aliuliza kama mfuniko wake upo."

Katika nyumba hiyohiyo alikaa pia baba yake Fundi, karani wa mahakama aliyestaafu, mjane, mzee mwembamba aliyezungumza kana kwamba kila neno lake litapigwa mhuri. Na mzee huyu, baba wa mtengeneza meno bora kuliko wote pale mjini, hakuwa na jino hata moja. La mwisho lilikuwa limetoka miaka tisa iliyopita. Majirani hawakuliacha jambo hilo lipite bure. "Mganga hajigangi," walisema Fundi akipita, na wengine waliongeza kwamba huyo hata babaye hamgangi.

Kosa halikuwa lake. Alikuwa amemsihi mzee mara nyingi, mwisho akachoka.

"Nimekaa mahakamani miaka thelathini na mmoja nikiandika uongo wa watu," mzee alijibu kila mara. "Sitaki uongo mwingine uje ukae kinywani mwangu."

Hoja ikafungwa. Mzee alikula mkate aliouchovya kwenye chai, akasema kwamba nyama haimvutii tena, na watu wa nyumbani wakaizoea habari hiyo kama wanavyozoea ufa ukutani.

Sasa, mwisho wa mji, katika bohari lililowahi kuhifadhi mbolea, alikuwapo mchongaji wa sanamu ambaye watu walimwita Bibi Udongo. Kila mwaka Bibi alichukua mwanafunzi mmoja tu, kwa miaka miwili, na hakutaka ada. Alichotaka ni kigumu kuliko ada. Mwombaji alete kichwa cha udongo cha mtu aliye hai, na aje na mtu huyo mwenyewe, ili Bibi awatazame wote wawili kwa pamoja.

Fundi alikuwa ameusikia utaratibu huo kwa miaka sita na kila mwaka alikuwa na sababu ya kutokwenda. Mwaka huu sababu zilikwisha. Alikifinyanga kichwa cha baba yake kwa wiki tatu, na Jumamosi moja asubuhi wakaenda, mzee akiwa amevaa tai.

Mzee alikipenda mno kichwa hicho. Tangu kimalizike alikuwa akipita chumba cha nyuma mara mbili kwa siku kukisalimia. "Huyu ndiye mimi wa mahakamani," alimwambia mkwewe. "Angalia kidevu. Mawakili walikiogopa kidevu hiki."

Bibi Udongo alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. Alikizunguka kichwa. Kisha akamzunguka mzee, ambaye alisimama wima kana kwamba jaji anaingia. Mwisho aliweka vidole vyake kati ya pua na kidevu cha udongo, akavishikilia hivyohivyo bila kuvikunjua, akaenda kuviweka kati ya pua na kidevu cha mzee. Havikuenea; nafasi ilikuwa finyu.

"Kichwa hiki kina meno," alisema. "Baba yako hana."

"Mdomo umefungwa, Bibi. Meno hayaonekani."

"Ndiyo ninalosema. Hayaonekani, na bado yamo."

Fundi alitazama. Ilimchukua muda mfupi kuelewa, na alipoelewa masikio yake yalipata moto. Mtu akikosa meno, kidevu hupanda kuifuata pua, midomo hukunjika ndani, mashavu hushuka. Kazi ya mtengeneza meno ni kukirudisha kidevu chini, mahali pake pa zamani. Yeye alikuwa amekirudisha hivyo kwa watu mia kadhaa. Na mikono yake, bila kumuuliza, ilikuwa imekirudisha kwa baba yake pia, katika udongo. Ni kosa ambalo mfinyanzi wa kawaida hawezi kulifanya hata akilipwa.

"Umemtengeneza," alisema Bibi. "Mimi nilitaka umwone."

"Mimi naona kimenifanana," alisema mzee.

"Naam, mzee wangu. Wewe lazima uone hivyo."

Kisha akamgeukia Fundi. Alikuwa na nafasi moja, na watu wawili wengine waliitaka. Angempa wiki moja. Alete kichwa kingine Jumamosi ijayo, na kikikubalika aanze Jumatatu yake, asubuhi hadi jioni.

"Naweza kuja jioni tu, nikitoka kazini?" aliuliza Fundi.

"Udongo ukikauka hauulizi ulikuwa kazini wapi," alisema Bibi, akaenda kunawa mikono.

Jumatatu saa nne asubuhi, kana kwamba dunia ina watu wanaokaa mahali kupanga ratiba hizi, Daktari mwenye kliniki alimwita Fundi ofisini. Juu ya meza kulikuwa na mkataba. Fundi afanywe mkuu wa maabara kwa miaka saba, awe na mafundi watatu chini yake, na ofisi yenye mlango.

"Na kiti kinachozunguka," alisema Daktari. "Nimeshakiagiza. Jibu nilipate Ijumaa saa kumi. Mpwa wangu amemaliza chuo, anasubiri. Usiposaini, yeye anaingia na wewe unaacha funguo, maana siwezi kuwa na mafundi wawili kwenye meza moja, mmoja akiwa na moyo na mwingine hana."

"Nina moyo, Daktari."

"Unao, lakini haumo humu ndani. Nimekuona. Fundi, Mungu hampi mtu mikono kama hiyo halafu akamuuliza anapenda nini."

Hilo ndilo neno ambalo watu wazuri wamewaambia wenzao tangu zamani, na wamewazika nalo. Kwamba ukiweza jambo, basi jambo hilo limekuajiri. Mwenye mgongo imara abebe, mwenye sauti nzuri atangaze bei, na mwenye mikono ya kutengeneza meno atengeneze meno mpaka ya kwake nayo yatoke. Fundi alisema asante, akarudi mezani kwake, akamaliza taya la chini la mwalimu mstaafu wa mazoezi ya viungo. Lilikuwa zuri sana.

Wiki hiyo aliamka kila siku saa kumi na moja alfajiri. Wazee hawalali, kwa hiyo baba yake hakulalamika; alikaa kwenye kigoda cha chumba cha nyuma na kikombe chake cha chai, akichovya mkate.

"Kile cha kwanza kilikuwa na ubaya gani?" aliuliza.

"Kilikuwa kizuri mno, baba."

"Mahakamani tungeita hiyo rufaa isiyo na msingi."

Jumanne Fundi alikiweka kidevu mahali alipokiona. Alipogeuka kuchukua maji na kurudi, alikuta mikono yake imeshakishusha. Akakipandisha. Akaja kwenye midomo, akaikunja ndani kama ilivyo, na ghafla kidole gumba kikaisukuma nje kwa ule upole wa kazini, ule aliosifiwa nao na wajane wa mitaa minne. Akavunja. Akaanza upya. Saa moja kidevu kilikuwa kimeshuka tena.

Jumatano hakuugusa udongo kwanza. Alikaa juu ya mikono yake, kwa maana halisi, viganja chini ya mapaja, akamtazama baba yake kwa saa mbili.

"Leo hufanyi kazi?" aliuliza mzee.

"Nafanya."

"Serikali nayo ilikuwa ikifanya hivyohivyo."

Alitazama. Aliona midomo ilivyoingia ndani kama mdomo wa mfuko uliovutwa kamba. Aliona shavu la kulia lilivyozama kuliko la kushoto. Aliona kwamba baba yake hutafuna hata wakati kinywani hamna kitu. Kisha harufu ya nyama iliyokuwa ikikaangwa na jirani ilipita dirishani, na Fundi aliona jambo jingine, dogo, la haraka: kidevu cha mzee kilisimama, koo likashuka na kupanda, na macho yakaenda dirishani yakarudi kwenye mkate.

Mzee alikuwa anapenda nyama. Hakuwahi kuacha kuipenda. Miaka tisa walikuwa wakimwekea mezani maneno yake mwenyewe badala ya chakula.

Fundi alitoa mikono chini ya mapaja. Ilikuwa imekufa ganzi, na pengine ndiyo iliyokuwa dawa yake, kwa sababu asubuhi ile na alfajiri ya Alhamisi ilifanya ilichoambiwa. Alhamisi jioni, alipotoka kazini, alimalizia macho, akamwita baba yake aje aone.

Mzee alikuja na miwani. Alisimama mbele ya kichwa kipya. Alikichunguza kwa muda ambao mahakamani ungetosha kusoma shauri dogo.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu lini nini, baba?"

"Tangu lini nipo hivi?"

Fundi alifikiria kudanganya. "Miaka tisa."

"Na nyote mnanitazama tu."

"Ulikataa meno, baba. Ulisema ni uongo."

"Nilikataa nikidhani nafanana na kile cha kwanza!"

Mzee alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena. Kichwa kilikuwa palepale, na kidevu palepale.

"Nitengenezee meno," alisema.

Kwa miaka tisa Fundi alikuwa ameyangoja maneno haya. Alikuwa na picha tatu za baba yake za ujanani, amezihifadhi kwenye droo ya maabara, kwenye bahasha iliyoandikwa "Ikitokea". Meno huchukua siku tano: siku ya kuchukua kipimo cha kinywa, ya plasta, ya kupanga kwenye nta, ya kujaribu, ya kupika. Akatazama kalenda ukutani, ingawa hakuhitaji.

"Kesho saa kumi narudisha funguo za maabara, baba. Nisiposaini."

"Basi saini."

"Nikisaini siendi kwa Bibi."

"Mimi pia siendi kwa Bibi. Kuonyeshwa kwa watu na kinywa hiki? Bila meno sitoki nje ya nyumba hii. Hoja imefungwa."

Akatoka. Mlangoni aligeuka, akakitazama kichwa mara moja tena, kwa jicho la pembeni, kama mtu anayemtazama jirani ambaye hawasalimiani.

Mwalimu alikuwa mezani, akisahihisha madaftari. Fundi alimweleza yote. Alimsikiliza bila kuacha kusahihisha.

"Njia mbili zilimshinda fisi," alisema.

"Fisi alitaka zote mbili. Mimi nataka moja."

"Ipi?"

Fundi akaanza kupanga madaftari.

"Unataka nikwambie usaini?" aliuliza Mwalimu.

"Nataka uniambie lolote."

"Haya. Leo ni zamu yako kuosha vyombo."

Aliosha. Aliporudi Mwalimu alikuwa ameweka kalamu chini, jambo ambalo lilikuwa nadra.

"Nisikilize. Ukisaini, baba atapata meno mazuri, na wewe utapata kiti kinachozunguka, na kila alfajiri kwa miaka saba nitakusikia ukiamka na kuvaa viatu kama mtu anayekwenda kuzika. Usiposaini, baba atakula mkate kwenye chai, atakununia, na mimi nitawalisha watu watatu kwa chaki. Nimepiga hesabu zote mbili. Zote zinauma."

"Sasa?"

"Sasa mimi niliolewa na nani? Chagua wewe. Nitakachokuomba ni kimoja, usije ukasema ni mimi niliyekuzuia, wala ni mimi niliyekuruhusu."

Ijumaa saa kumi kasoro robo, Fundi aliingia ofisini kwa Daktari na bahasha yake ya picha.

"Daktari, naomba wiki moja. Baba yangu amekubali meno."

"Hongera! Ukisaini una miaka saba."

"Wiki moja tu, halafu ndiyo nitoe funguo. Ni baba yangu."

Daktari hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani kabla ya kujibu. "Fundi, nina wagonjwa arobaini na wawili mwezi huu. Nao ni baba za watu. Siwezi kuwaambia wangoje meza iachwe na mtu anayeaga." Akausogeza mkataba, na kalamu juu yake. "Saini, umtengenezee mzee. Sema kweli, kuna mtu mwingine hapa mjini unayeweza kumwamini na kinywa cha baba yako?"

Hakukuwapo. Fundi aliichukua kalamu. Alipoinua macho alimwona Daktari akimtabasamia, na tabasamu lile lilikuwa lake, alilitengeneza mwenyewe miaka minne iliyopita: jino la pili limeegemea la kwanza kidogo tu, rangi ya chai kwenye shina. Lilikuwa tabasamu la mtu wa miaka arobaini kwenye uso wa mtu wa sitini na tatu, na halikuwa na kosa. Alilitafuta kosa kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akagundua kwamba yeye hajawahi kumwona Daktari mwenyewe. Miaka kumi na mitatu, na kama angeambiwa afumbe macho amfinyange, angemfinyanga kijana.

Aliiweka kalamu chini polepole, kama mtu anayerudisha yai kwenye kiota. Akatoa funguo mfukoni: ya mlango, ya kabati, ya droo.

"Utarudi," alisema Daktari.

"Huenda."

"Utakikuta kiti kina mtu."

"Si kinazunguka, Daktari? Atapata kizunguzungu, atashuka."

Daktari alicheka, na hata kucheka huko kulikaa vizuri.

Jumamosi asubuhi mzee alikuwa sebuleni, ameugeuzia mlango kisogo, akisoma gazeti la juzi. Fundi alikifunga kichwa kwa kitambaa kibichi, akakiweka kwenye beseni.

"Natoka, baba."

Gazeti likafunuliwa ukurasa.

"Ungekuja ningefurahi."

"Wewe unacho kichwa changu," alisema mzee nyuma ya gazeti. "Mwili wa nini?"

Fundi akaenda peke yake, beseni begani. Bibi Udongo alikuwa mlangoni mwa bohari. Alitazama nyuma ya Fundi, akatazama barabara yote.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Amekataa kuja, Bibi."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Ameona kichwa."

Bibi alikifunua, akakizunguka mara moja, kisha mara ya pili kinyume. Alisimama mbele yake akiwa amefumba macho, bila shaka akimtafuta mzee wa tai wa Jumamosi iliyopita. Alipofumbua aliweka vidole kati ya pua na kidevu. Vilienea.

"Alisema nini alipokiona?"

"Aliniomba meno."

"Ukampa?"

"Sikumpa. Kumpa ilibidi nisaini mkataba wa miaka saba. Jana nimerudisha funguo."

"Jana? Kabla hujajua mimi nitasema nini?"

"Ndiyo, Bibi."

"Huo si ujasiri. Ni ujinga."

"Ndiyo, Bibi."

Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Fundi alibaki amesimama, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakujua aifanyie nini mikono yake.

"Sharti langu ni kwamba mwenyewe aje," alisema Bibi. "Miaka kumi na minne wenyewe wanakuja. Wanakuja na watoto, wanacheka, wanapiga picha na sanamu zao, wanasema kimenifanana kimenifanana. Wengi wao nimewarudisha na vichwa vyao. Aliyeogopa kukaa karibu na kichwa chake sijawahi kumpata." Akainuka kwa kujisukuma magotini. "Jumatatu saa moja. Uje na koleo. Na sikio la kushoto umelifanya vibaya sana, sijui ulikuwa unafikiria nini."

Fundi alirudi nyumbani akitembea katikati ya barabara, mpaka pikipiki zikampigia honi. Mzee alikuwa bado na lile gazeti.

"Amenikubali, baba."

"Nimesikia."

"Nitatafuta namna ya meno. Nitaongea na Daktari, nitaomba hata…"

"Usimwombe mtu. Kliniki iko wazi kwa umma. Mimi ni umma."

Na kweli, wiki iliyofuata mzee alivaa tai, akaenda kliniki peke yake, akakaa kwenye foleni na umma mwenzake. Mpwa wa Daktari alimchukua kipimo. Picha za ujanani hakuombwa.

Jumapili moja, miezi mitatu baada ya hapo, Fundi alipika nyama. Siku hizi jikoni palikuwa pake, maana aliyeilisha nyumba sasa alikuwa Mwalimu. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa udongo, na chumvi iliingia kwenye nyufa ikamfanya arukeruke kidogo. Alipakua. Mwalimu alikaa upande huu, mzee upande ule.

Meno ya mzee yalikuwa meupe kama sinki jipya. Yote yalikuwa na ukubwa mmoja. Yalikuwa marefu mno, na midomo haikufunga vizuri juu yake, hivyo mzee alionekana muda wote kama mtu anayetaka kutoa tangazo. Kila alipouma yaligonga: ko, ko, ko. Fundi aliona makosa matatu kabla hajakaa. Matatu yote yangerekebishika asubuhi moja, kwenye meza ambayo haikuwa yake tena.

Walikula. Ko, ko, ko.

"Haya, sema," alisema mzee. "Usinikodolee macho kama shahidi aliyelipwa."

"Yanagonga, baba."

"Nasikia. Yamo kinywani mwangu."

"Na ni marefu."

"Mpwa wa Daktari amesema nitayazoea." Mzee alitafuna. Ilichukua muda mrefu, na hakuna aliyemwingilia. Alipomeza alishusha pumzi. "Na wewe? Yule bibi amekuruhusu kutengeneza nini mpaka sasa?"

"Nakanda udongo."

"Kichwa je?"

"Bado. Nakanda tu."

"Miezi mitatu?"

"Miezi mitatu."

"Angalau unakanda vizuri?"

"Anasema vibaya."

Mwalimu aliinamia sahani yake ili asionekane akicheka. Mzee alitikisa kichwa kwa makini, kama karani anayepokea maelezo ya pande zote mbili na kuona yanalingana.

"Sogeza hiyo nyama huku," alisema.